Dodoso la Moshi

Wamenipa dodoso la kurasa nne
na kalamu iliyofungwa uzi,
nikiulize kila chakula kinachoingia mjini:
wewe, kabla ya kuliwa,
umekula nini?

Saa tisa za usiku, Marikiti.
Kinoti ameshuka na viazi vya Kinangop,
injini inanguruma, haizimwi;
akiizima atatafuta watu wa kuisukuma.
Lita ngapi? namuuliza.
Anacheka. "Za kuja, au za kusimama?"
Karatasi yangu haina nafasi ya kusimama.
Naandika pembeni: saa mbili, foleni ya lango.
Moshi unapanda zake juu,
haulipi ushuru wa soko.
"Halafu andika viazi ni vidogo," anasema.
Hilo nalo halina nafasi.

Nyanya za Mwea zilinyweshwa na pampu,
pampu ikanywa dizeli,
na mbolea, kabla ya yote hayo, ilipikwa mbali
kwenye tanuri la watu nisiowajua,
gunia lina herufi nisizoweza kuzisoma.
Nyanya yenyewe imetulia kiganjani,
nyekundu, nyororo,
kama mtu asiyedaiwa.

Viwandani, kwenye chumba cha baridi,
Hirsi ananivalisha koti la mtu mwingine.
Maziwa yamepangwa kimya kama wagonjwa wa wodi.
Umeme unakatika tukiwa ndani.
Kiza. Kisha jenereta inaamka, inakohoa,
na Hirsi, bila kuulizwa:
"Baridi hii ni joto lililohamishwa tu."
Ananizungusha nyuma ya ukuta nilione:
feni inalipuliza uchochoroni,
na paka watatu wamejilaza mbele yake
wameshiba bila kula.

Njiani namsimamisha Musembi na mkokoteni wake,
kabichi zimepangwa hadi juu ya kichwa chake.
Chombo chako kinatumia nishati gani?
Anajifuta uso kwa mkono wa shati,
ananitazama kama mtoto aliyepotea dukani.
"Andika uji. Vikombe viwili. Wa Nekesa."
Na Nekesa anautokosa kwa makaa,
na makaa yametoka Kitui kwa lori,
na lori lilisimama foleni pale langoni
nyuma ya Kinoti.
Nimechora mviringo. Ukurasa wa tatu umejaa.

Jioni msimamizi anataka jumla.
Nampa jumla.
Simwambii kuhusu lundo.
Nyuma ya soko nyanya zimepondeka, zimemwagwa,
zinatiririka hadi kwenye mtaro.
Pampu ilizinywesha hizi pia,
lori lilizibeba hizi pia,
moshi wake umeshafika kazini huko juu
na zenyewe zimebaki hapa na nzi,
hazikumlisha hata mtoto mmoja.
Dodoso linasema: *chakula kilicholiwa*.
Nimekata neno la pili
kwa mistari miwili, kalamu ikatoboa karatasi.

Sasa niko Kariobangi, ghorofa ya tatu.
Nautikisa mtungi, nausikiliza:
umebaki wa leo, labda na wa kesho asubuhi.
Wahenga walisema pafukapo moshi hapakosi moto.
Hawakuuona huu wa buluu,
wenye adabu za mgeni, haufuki,
haumwachi jirani ajue kama nimekula.
Kwa hiyo najihoji mwenyewe.
Jina: Wangeci. Kaya: mtu mmoja.
Naandika gesi, naandika maji ya bomba
yaliyopandishwa na mota hadi tangi la paa,
naandika balbu inayoniwezesha kuandika.
Viazi vitatu vya Kinoti. Vidogo kweli;
mvua ndefu ilichelewa mwezi mzima
na hakuna aliyeipa dodoso.

Vinachemka, mfuniko unagonga, unagonga.
Nafikiria kuanza upya kutoka ukurasa wa kwanza.
Njaa inakataa.
Nanyunyiza chumvi.

Chumvi sijaiuliza.